Breki Baridi, Taa Nyekundu

Ephantus aliweka kiganja juu ya diski ya breki kwa mara ya nne asubuhi hiyo. Ilikuwa baridi. Akainua kichwa kuchungulia dashibodi, na taa nyekundu ikamwambia vilevile ilivyomwambia tangu Jumatatu, kwamba breki zimepata moto kupita kiasi. Gari lenyewe lilikuwa halijasogea hata hatua moja.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne. Saa sita Madam Nanyama angepiga simu. Huyu alikuwa meneja wa kampuni yenye magari arobaini ya kusambaza dawa, na alikuwa akitafuta gereji ya kuyahudumia yote. Hili moja dereva wake alilileta kwenye gereji ya Ephantus, Muthangari, kama jaribio. "Nitataka kujua shida ilikuwa wapi na mmeipata aje," alikuwa amesema Madam. Ephantus aliutaka mkataba huo kwa kufa na kupona. Alikuwa ameshaanza kumwita mkewe "Mkurugenzi".

Tatizo ni kwamba Ephantus alijua breki, injini na maneno matamu, lakini waya zilimshinda kabisa. Aliyezijua ni fundi wake Kitavi, na Kitavi alikuwa amehama Januari kwenda kufungua gereji yake Uthiru. Sensa mpya ya kupima joto la breki ilinunuliwa kwenye maduka ya River Road, ikafungwa, taa ikabaki palepale. Ikanunuliwa nyingine.

Basi akafanya alichozoea kufanya tangu Kitavi aondoke. Alitangaza kazi. Kazi yenyewe haikuwepo wala haikuwahi kuwepo. Kila aliyekuja aliambiwa atafute hitilafu katika gari la mteja, na akiipata aliambiwa angoje kupigiwa simu. Magari saba yalikuwa yametengenezwa kwa njia hiyo, na mwenyewe hakuona haya hata kidogo. Safari hii tangazo lilitaka fundi anayejua sensa za breki. Jumatano alikuja kijana mmoja, Nthiwa, akafaulu kuizima taa, pamoja na redio na honi. Iliwachukua siku nzima kuvirudisha vyote, taa ikiwemo. Alhamisi hakuja mtu.

Saa nne na nusu akaingia mwanamke mwenye ovaroli safi na mita yake ya kupimia umeme mkononi. Alisema anaitwa Mukai.

"Niliona tangazo yako," alisema. "Nikasema wacha nikuje nijionee."

"Karibu, dada. Hapa hatuulizi makaratasi. Hii gari nimeiharibu mimi mwenyewe, ya interview. Ukipata penye nimeharibu, kazi ni yako."

Mukai alilitazama gari, kisha akamtazama yeye. "Umeiharibu wewe?"

"Na hii mikono," alijibu Ephantus kwa macho makavu.

"Sawa."

Alifanya kazi bila haraka. Alichomoa plagi ya sensa, akaipima, akaifumbata sensa kiganjani ipate joto, akapima tena. Namba zikashuka kama zinavyopaswa.

"Sensa ni mzima," alisema. "Na hizo mbili ziko hapo kwa benchi?"

"Hizo niliweka za kukuchanganya."

Mukai aliitikia kwa kichwa. Akapima waya ya sensa dhidi ya bodi ya gari, mita ikalia. "Hapo sasa. Waya ikigusa bodi, kompyuta inadhani breki inaungua. Tutafute penye inagusa."

Hakuomba mchoro wa waya. Alisukuma kiti cha dereva nyuma, akainua zulia, na mkono wake ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye waya ya kijani iliyochunwa ganda upande mmoja, shaba yake ikiwa imeegemea chuma. Ephantus alikuwa hajaona fundi wa namna hiyo tangu kuzaliwa kwake. Kwa dakika nzima alimwonea huruma kwa dhati ya moyo, jinsi alivyo hodari na jinsi kazi isivyokuwepo.

"Imechunwa na wembe," alisema Mukai. "Iko safi sana. Mtu hangejua."

"Ni uzoefu," alisema Ephantus.

Mukai alizungusha tepu kwenye waya, akawasha gari. Taa nyekundu haikuonekana. Ephantus alitamani kumkumbatia, lakini akajikaza kibosi, akachukua kalamu na kumwambia aeleze tena polepole, aone kama kweli ameelewa. Mukai akaeleza, yeye akaandika neno kwa neno, na chini kabisa akatia sahihi yake mwenyewe kwa mbwembwe.

"Umejaribu, dada," alisema akikunja karatasi. "Lakini watu ni wengi. Tutakupigia."

"Haina shida, bosi. Wacha ninawe mikono."

Akaenda kwenye mfereji, akanawa taratibu, akajifuta kila kidole. Saa sita ilimkuta bado amesimama pale, na Ephantus alikuwa akitafuta namna ya kumfukuza kwa adabu simu ilipolia.

"Gari iko tayari, Madam," alisema, akafungua karatasi na kusoma yote, kuanzia sensa kushikwa kiganjani hadi waya ya kijani chini ya zulia. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeitoa elimu hiyo kichwani mwake. Madam Nanyama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na ni nani alipata hiyo shida?"

"Ni mimi, Madam. Peke yangu."

"Vizuri. Basi mpatie simu Mukai, fundi wetu mkuu, najua ako hapo kwako. Hiyo waya aliichuna yeye Jumatatu, na hiyo mkataba ni yeye anasaini."