Dozi ya Kumi

Nesi alijisifu kimoyomoyo: kichupa cha chanjo ya surua kilikuwa kimebakiza dozi moja tu, wala hakuna tone lililopotea.

Mwanzoni mwa mwezi bibi mmoja alimleta mjukuu wake, mtoto pekee siku ile.

"Kichupa ni cha watoto kumi, bibi," nesi alimwambia. "Nikimfungulia mmoja, jioni nitamwaga tisa, na friji yenyewe ndiyo hiyo, kimebaki hiki kimoja tu. Njoo naye mwisho wa mwezi, wenzake watakuwa wametimia. Subira huvuta heri."

Leo walitimia. Akavuta dozi ya kumi, akaita nje, "Haya bibi, zamu yenu!"

Bibi aliingia bila mtoto, kadi ya kliniki mkononi.

"Nimeirudisha kadi yake, mwanangu," alisema taratibu. "Surua haikungoja mwisho wa mwezi. Hiyo dozi mpe mwingine, isimwagike."