Mfuniko Ulipoanguka

Mfuniko wa sufuria ulimponyoka Haruna ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Mkewe, Kibibi, aliruka kutoka kwenye kigoda akajikinga uso kwa viganja, kama alivyozoea kufanya kwa mume wake wa kwanza.

"Samahani, mama Shani, mfuniko umeniponyoka tu," alisema Haruna, ambaye hakuwahi kumnyanyulia mkono.

Kibibi alicheka kwa aibu. Ndipo alipomwona binti yao. Shani, aliyezaliwa katika nyumba hii na asiyejua kofi ni nini, alikuwa amejikunyata ukutani, viganja usoni vilevile.

"Haya nani kamfundisha?" Haruna aliuliza.

Kibibi aliokota mfuniko, akauinua, akauachia. Mwili wote ulitaka kuruka. Akaibana mikono kwapani, akasimama palepale.

"Ni mfuniko tu, mwanangu," alisema.

Akauangusha tena, na tena, jasho likimtiririka shingoni. Hatimaye Shani akatanua vidole. Jicho moja likachungulia, likatulia juu ya uso wa mama yake.