Ukaguzi wa Asubuhi

Tangu wazee waanze kudungwa sumu ya konokono wa baharini, ile inayoziba njia ya maumivu yasifike kwenye ubongo, Mzee Sekiete, fundi seremala wa Usangi, alipanda milima kwa magoti yaleyale yaliyokuwa yakimliza. Sharti lilikuwa moja tu: kila asubuhi mume na mke wakaguane, kwa kuwa mwili hausemi tena.

“Nyoosha mguu, Baba Naetwe,” alisema mkewe. Akachomoa msumari kisiginoni. “Umetembea nao tangu lini?”

“Labda Jumapili. Nilishangaa mbona nalia ko, ko, ko kanisani kama farasi wa gavana.”

Wakacheka mpaka machozi. Mama Naetwe akaendelea: viganja, mgongo, nyuma ya masikio. Alipofika kwenye paji la uso akasita.

“Una jasho, na ukungu uko mlangoni.”

“Ni uji wa moto.”

“Uji bado uko jikoni.”

Sekiete alitaka kumtania, akaona mkono wake mwenyewe wa kushoto umelegea. Wote wawili wakamkumbuka jirani yao Elinihaki, aliyekufa kwa mshtuko wa moyo akiwa anacheza bao, huku akijisifu kwamba yu mzima kama kijana.

“Mimi sisikii kitu, mke wangu.”

“Ndicho ninachokiogopa.”

Akamlaza, akampigia muuguzi simu, kisha akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza. Sekiete alinusa harufu ya mbao mpya kutoka karakana yake, na kusema kweli, hakuwahi kujisikia vizuri namna ile.