Fundi Kagoma

"Sipigi," alisema Fundi, akaiweka rimoti juu ya zulia.

Kwenye runinga kubwa ya chumba cha mikutano, mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono juu, kandambili moja imemvuka. Chini ya picha yalimeta maneno mekundu: MMALIZE UENDELEE.

Mama Mwenyekiti aliweka miwani yake sawa. "Mwanangu, hiyo ni katuni tu. Bonyeza twende."

"Najua ni katuni, Mama. Sipigi."

Wajumbe wa bodi wakatazamana. Kazi yao ilikuwa kuamua gemu lipi linawafaa watoto na lipi haliwafai, na hili la vita lilikuwa limewatoa jasho. Kampuni ilitaka lipewe alama ya kuanzia miaka saba. Kanuni nazo zilikuwa na ukorofi wake: bodi haiwezi kulizuia gemu ambalo haijaliona mpaka mwisho, na adhuhuri ya leo ikipita bila uamuzi, kampuni inapewa alama iliyoiomba. Mama Mwenyekiti alikuwa ameapa kwamba hilo halitatokea yeye akiwa hai. Alikwisha kataa kualikwa chakula, akakataa simu za wakubwa, na jana alimtimua meneja wa kampuni ofisini hadi bwana yule akasahau mkoba wake.

Tatizo ni kwamba vita yenyewe ilikuwa imewashinda. Wiki nzima wajumbe, na shahada zao zote, walikuwa wakifia kwenye daraja la hatua ya kwanza. Daktari alijilipua kwa bomu lake mwenyewe. Mwanasheria alitumbukia mtoni kila mara, tena bila adui yeyote kumgusa. Ndipo Katibu akashauri waazime mtu anayejua, na asubuhi hii gari la ofisi likamleta Fundi.

Fundi aliwaamkia wote kwa mpigo, akavua viatu, akakataa kiti na kukaa chini. Chai hakutaka, akaomba soda. Lile daraja lililowatesa wajumbe alilivuka huku akipiga miayo, nao wakampigia makofi kama waliokombolewa. Jina la Fundi alilipata hapo hapo.

Sasa akaja huyu mzee wa mlangoni. Fundi alijaribu kumpita pembeni, haikuwezekana. Alijaribu kurudi alikotoka, askari wenzake wakamzuia. Alitafuta kitufe cha kuweka bunduki chini, akabonyeza vyote, na kitufe hicho hakikuwepo. Mzee alirudia maneno yaleyale, "Chukueni kila kitu, niachieni wajukuu," na mlango ulio nyuma yake haungefunguka mpaka afe.

"Tangu asubuhi umeua askari kibao," alisema Mwanasheria. "Huyu mmoja ana nini?"

"Wale walikuwa wananipiga."

Mwanasheria akashusha pumzi, akainama, akaichukua rimoti mwenyewe. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Askari wake akageuka, akatembea kwa madaha hadi ukingo wa ghorofa, akadondoka. Picha ikarudi darajani, mwanzo kabisa. Daktari alijifanya anakohoa ili asicheke.

"Fundi, turudishe pale tulipokuwa," alisema Mama Mwenyekiti.

"Hapana, Mama." Machozi yalikuwa yakimlengalenga, lakini sauti ilikuwa kavu. "Nikiwarudisha mtaniambia nimpige."

Katibu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitazama sakafu, alimgusa Mama Mwenyekiti bega. "Tumwache. Mimi naona tumevuka mpaka."

"Si wewe uliyemleta? Leo umegeuka mtetezi wake?"

Hasira zilikuwa zimempanda Mama Mwenyekiti, na chini ya hasira hizo kulikuwa na hofu ya kweli. Aliwaona watoto wakitoka madukani na gemu hili mkononi, wakimuua mzee yule leo, wakimuua kesho, mpaka wakamzoea. Picha hiyo ilikuwa ikimnyima usingizi. Akachuchumaa zuliani, magoti yakilalamika, akamtazama Fundi usoni.

"Nisikilize. Nikishindwa leo, watoto wanaachiwa kitu hiki. Ndivyo unavyotaka? Risasi moja tu, tuone kilichoko huko ndani, halafu nilipige marufuku. Ni kwa ajili ya watoto, mwanangu."

"Si mmeshaona?" alisema Fundi. "Mnataka kuona nini tena?"

Fundi akavaa viatu, akafunga kamba taratibu, akamalizia soda yake, akaenda kusimama karibu na mlango kusubiri gari.

"Mnaweza kunishtaki," akaongeza. "Sipigi."

Mama Mwenyekiti akaitazama saa ya ukutani. Adhuhuri ilikuwa inakuja mbio, na yeye hakuwa mtu wa kuikabidhi kampuni ile ushindi wa bure. Akatoka hadi kwenye korido, akapiga simu.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "huyu wa darasa la nne uliyetupatia amegoma. Dereva anamrudisha sasa hivi. Mpe mwingine aje naye, na safari hii nichagulie wa darasa la pili, hao bado hawajaanza kubishana na wakubwa."