Kibao cha Karibuni

Wanyama wa shamba la ushirika walilima bondeni misimu mitatu, na misimu yote mitatu viazi vikuu vyao viliozea ardhini. Mwenyekiti wao, Punda, ambaye alipenda sana kuonekana mwema, akasimamisha kibao getini, kikitazama mlima wa Nungunungu, wenyeji wa bonde lile tangu zamani. Kiliandikwa KARIBUNI, ili washuke kutoa ushauri.

Hakushuka hata mmoja.

"Tunawakaribisha, wao wanaringa," Punda alinung'unika.

Bata, msikivu kuliko wote, akamuuliza, "Na sisi tulipofika hapa, nani alitukaribisha?"

Bata akapanda mlima, akasimama nje ya shimo la Bibi Nungunungu.

"Hodi, bibi."

"Umechelewa misimu mitatu," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Ni kweli. Tumelima kwenu bila kupiga hodi. Ukisema tuhame, tutahama."

Bibi akatoka.

"Karibu, mjukuu wangu. Mnapanda kwenye njia ya maji, ndiyo maana vinaoza. Tutawaonyesha pa kulima. Lakini mavuno ya kwanza tutayaonja sisi kabla yenu."

Msimu wa nne viazi vilitoka vinene kama mapaja ya kiboko. Nungunungu wakashuka na ngoma zao, wakaonja, shamba zima likisubiri kwa adabu. Kisha Punda akaking'oa kile kibao, akakigeuza kiwatazame wakulima, na nyundo akamkabidhi Bibi Nungunungu akipigilie mwenyewe.