Nyayo za Ekiru

"Usikunje vidole," Teresia alisema, na mtoto akavikunja vyote vitano.

Karatasi ya kaki, iliyokatwa kutoka mfuko wa unga, ilikuwa imetandazwa sakafuni. Teresia alikuwa amepiga magoti na biro mkononi, akijaribu kuzungusha mstari kando ya mguu wa mtoto wa miaka minne anayetekenyeka kuliko ilivyo haki. Akidor, jirani wa mlango wa pili, alimshika mtoto mabega. Kila mwezi kazi hii ilihitaji wanawake wawili na andazi moja, na andazi lilikuwa limekwisha.

"Hii ni ya mwisho," Teresia alisema. "Etabo anataka kumkatia akala za tairi kabla atoke."

"Anatoka lini?"

"Ijumaa ya wiki ijayo."

Akidor alimfuta mtoto makombo kwa ncha ya leso.

Etabo alifungwa kwa sababu ya ng'ombe ambao mpaka leo anaapa hakuwagusa. Kabla ya hapo alichunga mbuzi wa watu upande wa Garbatulla, na alikuwa mmoja wa wale wachungaji wanaosoma mchanga. Angekuonyesha alama ardhini akakuambia ni mbuzi wa nani, anachechemea mguu upi, na amepita asubuhi au jana. Siku aliyochukuliwa, mwanawe Ekiru alikuwa na mwaka mmoja, ndiyo kwanza ameanza kusimama dede. Teresia alipokwenda gerezani mara ya kwanza alibeba picha. Etabo aliirudisha.

"Picha sitaki. Kwa picha mtu anacheka na ako na njaa. Niletee mguu wake. Huo hauwezi kunidanganya."

Basi akampelekea mguu. Wazazi wengine huweka nywele za kwanza, au jino lililong'oka. Wao walikuwa na karatasi za mfuko wa unga, moja kila mwezi, mpaka zikapita thelathini. Etabo alizipanga chini ya godoro, ndogo juu ya kubwa, na aliwaambia wenzake kwamba hapo ndipo anapomlelea mwanawe. Mtoto mwenyewe Teresia hakumpeleka hata mara moja. Jela si mahali pa mtoto, alisema, na Etabo hakubisha.

"Teresia, mwambie," Akidor alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mtoto hawezi kubeba hii mzigo."

"Nimwambie nini? Mtu anatoka jela, na furaha yake yote ni hii karatasi."

"Mtoto hamjui. Atalia mbele yake."

"Atamzoea." Hakuliamini neno lake mwenyewe.

Wiki nzima akawa mwalimu. "Ekiru, sema: Karibu nyumbani, baba." Mtoto alisema karibu chai. Akiitwa Ekiru mara tatu, ndiyo kwanza anachimba matope yake kwa kijiko. Watoto wa umri huo masikio yao ni ya kukodi. Teresia alicheka kidogo, kisha akaingia ndani akalia, maana hakuwa na mwingine wa kumlaumu. Kuna jambo ukilichelewesha mwezi mmoja, mwezi wa pili unalikuta limeota mizizi. Sasa maji yalikuwa yamezidi unga, na Ijumaa haikuwa na huruma. Ilikuja tu.

Etabo alifika saa sita mchana, amekonda, kiroba kidogo begani. Alimpa Teresia mkono na kuushikilia. Akamsalimia Akidor, aliyekuwa amesimama kando ya ua. Kisha akautazama uwanja, ambako mtoto alikuwa akikimbia miguu mitupu tangu asubuhi. Alimtazama mtoto mara moja. Mchanga aliutazama kwa muda mrefu.

Teresia akamsukuma mtoto mbele.

"Karibu chai, baba," mtoto alisema.

Etabo alicheka mpaka pengo lake likaonekana. Akapiga magoti, akafungua kiroba, akatoa akala mbili ndogo zenye mikanda iliyolainishwa kwa mafuta. Akamvalisha ya kushoto, akamvalisha ya kulia. Zilimkaa sawasawa.

"Zinabana?"

"Hapana."

"Ni zako. Kimbia uonyeshe mama."

Mtoto akampita Teresia mbio, akaenda kumshika Akidor leso.

Etabo alikuwa bado amepiga magoti. Alitia mkono katika mfuko wa shati, akatoa karatasi nne za kaki, ndogo ndogo, zilizochakaa kwa kushikwa.

"Hizi tu ndizo za Ekiru," alisema. "Twende unionyeshe mahali mlimzika."