Kicheko cha Lugano

Jumanne, tarehe 9 Juni 2071. Tukuyu iliamka na ukungu na manyunyu. Sheria iliruhusu familia kubaki na maneno tu ya marehemu. Sauti nyingine zote zilifutwa. Sekela aliomba kimoyomoyo huku fundi akikata rekodi za marehemu mwanawe na kuhamisha vipande vyote vya maneno kwenye folda ya familia kwa mkupuo.

"Mama Lugano, folda imetoka tupu. Hakuwahi kutamka neno?"

"Alikuwa na miezi saba, kaka. Alikuwa anacheka tu."

"Kicheko hakihesabiki, dada yangu. Pole."

Fundi akabonyeza kufuta. Sekela akasimama mbele ya mumewe na mama mkwe, akala kiapo cha wafiwa:

"Naahidi sitaiga sauti ya marehemu, hata nikiwa peke yangu."